Umeme Uliochujwa

Clemensi alikuwa fundi redio hodari, na hilo hata wasiompenda walilikubali. Kilichowashinda watu ni kuishi naye. Ukimpa chai, alikitazama kwanza kikombe chako. Ukimsifu, alijiuliza unataka nini. Ukimkosoa, basi umejitaja mwenyewe kuwa adui. Mteja akimletea redio na kumwambia imezima yenyewe, Clemensi alitabasamu upande mmoja wa mdomo, maana katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kilichozima chenyewe. Siku zote, alisema, pana mkono.

Mkewe, Cresensia, alikwisha kumchoka kwa mapenzi. "Wewe baba," humwambia, "hata jogoo akiwika unataka kujua katumwa na nani."

Tusimlaumu sana. Alizaliwa Oldeani, kwenye laini, zile nyumba za safu za vibarua wa mashamba ya kahawa, wazazi wake Wanyaturu waliotoka Singida kufuata kazi. Hapo Karatu alipofungua kibanda chake alikuwa mtu wa kuja, na Wairaqw waliomzunguka, wakimaliza kumsalimu kwa Kiswahili, walirudi kwenye lugha yao na kuendelea kucheka. Walichekea nini? Pengine ng'ombe, pengine mvua. Clemensi hakuwa na shaka kwamba walimcheka yeye. Na mwaka wenyewe ulikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, watu wazima wakifukia mifuko ya sukari uani na kumwaga mafuta ya taa vichakani. Wengine waliona nchi imeharibika. Clemensi aliona kwamba hatimaye nchi nzima imeanza kufikiri kama yeye.

Basi siku moja akaja Mwalimu Benedicta, aliyefundisha shule ya msingi pale karibu na misheni. Alikumbatia sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani, juu ya kitambaa, kililala kipaza sauti kinene mithili ya chupa ya soda, kizito, chenye waya mgumu wa rangi ya kijivu.

"Fundi, hiki ni cha padri Mjerumani aliyerudi kwao," alisema. "Mashine yake ya kunasia sauti tunayo, na inafanya kazi. Lakini hiki kimekosa sanduku lake la umeme. Liliungua, likatupwa."

"Nani alilitupa?"

"Sijui, fundi. Ni zamani."

"Zamani," akasema Clemensi, kama mtu aliyetajiwa jina la mwizi.

Benedicta hakuwa na nafasi ya utani. Alikaa kwenye benchi, akaeleza. Baba yake, Mzee Nikodemu, alikuwa na ugonjwa wa koo. Jumatatu ya mwisho wa mwezi angepelekwa hospitali kubwa mjini kupasuliwa, na daktari hakuwaficha: kitakachoondolewa kitaondoka na sauti. Mzee angerudi akila na kutembea, ila hatasema tena mpaka anaingia kaburini. Na Mzee Nikodemu ndiye aliyekuwa akisema slufay, yale maombi marefu ya wazee wa Kiiraqw ya kubariki watu, mifugo na mvua, kwa namna ambayo watu walitoka Mbulu kuja kumsikiliza.

"Nataka kuinasa kabla haijaondoka," alisema. "Nimejaribu kwa redio kaseti. Sauti ya baba sasa ni ya chini, kaseti inanasa mlio wa mota yake yenyewe. Hiki cha padri kilikuwa kinasikia hata mtu akimeza mate. Nitengenezee sanduku, fundi. Na kuna jambo moja: slufay haisemwi peke yake."

"Naelewa," akajibu Clemensi, akidhani anaambiwa kwamba binti ataketi karibu na baba yake. "Kaa naye tu, hakuna neno."

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kipaza sauti cha aina ile kina taa ndogo ya kioo tumboni, ambayo mafundi huiita valvu, na valvu hutaka kulishwa umeme wa namna mbili: mdogo wa kuipasha moto, na mkubwa wa kuifanyia kazi. Kuilisha si taabu. Taabu ni kwamba inasikia kila kitu, hata chakula chake. Umeme ukiwa na uchafu kidogo tu, utausikia kwenye spika: mmmmm. Huo ndio mvumo, na fundi akishaacha mvumo kazini mwake, hana jina tena. Umeme wa jenereta huja umejaa mawimbi, kwa hiyo lazima uchujwe, uchujwe tena, kama pombe, mpaka machicha yaishe. Betri zingekuwa dawa, maana betri haivumi. Lakini kupata umeme mkubwa ule kungetaka betri za tochi za kujaza debe, na mwaka ule madukani Karatu hukupata hata jozi.

Clemensi akachora, akafuta, akachora. Umeme mdogo aliuchukua kwenye betri ya pikipiki ya katekista. Hapo mvumo hauna pa kuingilia. Ule mkubwa ungetoka kwenye mtambo wa dizeli wa misheni, upite kwenye transfoma, unyooshwe, uingie kondensa ya kwanza, kikopo cha kumeza mawimbi, upenye koili nzito ya chuma, kisha kondensa nyingine, kisha nyingine. Transfoma aliiweka kwenye sanduku lake mbali na mengine, kwa sababu sumaku yake huvuka ukuta na kwenda kuvumisha kisichoihusu. Clemensi alimwelewa sana jirani wa namna hiyo.

Vipuri ndivyo vilivyomtoa jasho. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa miaka, na aliyeonekana na kondensa mpya aliulizwa kaipata wapi. Akasikia kwamba kwenye hoteli moja ya kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kuna redio kubwa ya kizamani imetupwa stoo. Akadandia lori, akapanda kwenye ukungu, akamkuta mtunza stoo, Mmasai mrefu aitwaye Lengai, amejifunga shuka juu ya koti la kazi.

"Chukua," Lengai akamwambia.

"Bei gani?"

"Haina bei. Inanijazia nafasi tu."

"Kwa nini haina bei?"

Lengai akacheka hadi akashika mlango. "Wewe fundi umeibiwa sana. Sasa hata ukipewa unaumwa."

Clemensi aliichukua, lakini alishuka nayo akiwa na wasiwasi, na kila kipuri alichokitoa humo alikipima mara mbili kwa sababu tu kilikuwa cha bure. Vyote vilikuwa vizima. Jambo hilo lilimkera siku nzima.

Sanduku lilipokamilika alilihamishia misheni, kwenye chumba kidogo kilichopakana na darasa la katekisimu, na huko ndiko alikokutana na Alfonsi. Huyu ndiye aliyetunza mtambo wa dizeli, Mwiraqw wa makamo, mikono myeusi kwa oili, mtu wa maneno machache. Maneno machache! Clemensi hakuhitaji ushahidi mwingine. Alisikia pia kwamba Alfonsi aliwahi kujaribu mwenyewe kulifufua lile sanduku lililoungua akashindwa, na nani apendaye kuona kilichomshinda kimemwezekana mgeni? Halafu alimwona mara mbili akizungumza Kiiraqw na wapishi wa misheni, wakatazama upande wa chumba kile, wakacheka.

Clemensi akatega. Alibandika uzi mwembamba mweusi juu ya kifuniko cha sanduku, akafunga mlango, akaenda zake. Aliporudi kesho yake mvua ikiwa imekatika, uzi ulikuwa umekatika, na juu ya sanduku palikuwa na gunia.

Alisimama akilitazama. Gunia la nini? Mtu hufunika kitu alichokigusa. Alifungua, akapekua kila kiungo, hakuona kilichoguswa, na hilo likamtisha zaidi kuliko kama angekuta waya umekatwa. Hakumuuliza Alfonsi, maana ukimuuliza mwizi unamfundisha. Alilijaribu sanduku: akavaa spika za masikioni, Benedicta akakaa kimya darasani mbele ya kipaza sauti. Hakuna mvumo. Alisikia nguo ya mwalimu ikigusa kiti, akasikia nzi. Umeme ulikuwa safi kama maji ya chemchemi. Mtu mwingine angefurahi. Clemensi alijua tu kwamba anasubiriwa siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi alasiri. Jumatatu mzee angesafiri. Dizeli waliyogawiwa kwa kazi ile ilikuwa ya kutosha na si zaidi. Madirisha ya darasa yalitundikwa mablanketi kuzuia upepo, na Mzee Nikodemu akaingia taratibu akiegemea fimbo, koti la zamani mabegani, akampa Clemensi mkono.

"Fundi, umekuja kunichukulia sauti?"

"Kuihifadhi, mzee."

"Haya. Ihifadhi vizuri, mimi siendi nayo."

Clemensi aliingia kwenye chumba chake, akafunga mlango wa darasani, akavaa spika za masikioni. Chini, ng'ambo ya mikaratusi, mtambo ulinguruma kwa mbali. Akaiwasha mashine, ambayo nayo ilikula umeme wa mtambo ule ule, mkanda ukaanza kuzunguka.

Mstari wa kwanza wa mzee ulimwingia sikioni kama vile mzee amekaa begani kwake. Sauti ilikuwa imekwaruzika, ya chini, lakini kila pumzi ilikuwemo, na Clemensi, ambaye hakuelewa neno, alisikia nywele zikimsimama kwa fahari. Mstari ukaisha.

Mmmmmm.

Mvumo! Mzito, wa chini, ukakaa kidogo, ukakoma. Mzee akaanza mstari wa pili, na mvumo haukuwapo. Mstari ukaisha. Mmmmmm.

Alitazama kipimo cha umeme. Sindano ilikuwa imetulia. Alishika betri, akashika viungo, vyote vilikuwa sawa. Mstari wa tatu, kimya. Ukaisha. Mmmmmm. Na hapo ndipo akili yake, ambayo kwa kuchora umeme ilikuwa akili nzuri sana, ikatenda kazi iliyoizoea. Kasoro ya sanduku, aliwaza, haina adabu ya kungoja mtu amalize kusema. Kondensa mbovu huvuma wakati wote. Kinachongoja, kinachojua mzee anapotua, ni mkono. Mtu anacheza na mafuta ya mtambo, anaupunguza mwendo na kuuongeza, ili mawimbi yapite machujio. Alfonsi! Namna gani Alfonsi angemsikia mzee kutoka ng'ambo ya mikaratusi, mtambo ukinguruma sikioni mwake, Clemensi hakujiuliza. Alikuwa amengoja jambo hili kwa muda mrefu mno.

Alizitupa spika mezani, akaiacha mashine ikizunguka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Pale pale mlangoni alipaza sauti yake yote.

"Alfonsi! Leo nimekukamata! Mhujumu mkubwa wewe! Mnanihujumu, wote mnanihujumu hapa!"

Akateremka mbio kupita mikaratusi, akiteleza kwenye udongo mwekundu. Alfonsi alikuwa ameketi juu ya debe kando ya mtambo, kofia magotini, anaangalia nje. Hakuwa ameshika chochote. Clemensi hakuona hilo, au aliliona akalikataa. Hakujua pa kuzimia mtambo ule, kwa hiyo alifanya lililo karibu: alilikamata bomba la mafuta kwa mikono miwili, akaling'oa.

Dizeli ikamwagika miguuni mwao. Mtambo ukaendelea kidogo, ukakohoa, ukalegea, ukafa.

"Umefanya nini?" Alfonsi akauliza polepole, kama anayesema na mtu aliyelala.

"Mimi? Wewe umefanya nini! Kila mzee akitua, wewe..."

Kutoka juu kule kwenye darasa, ng'ambo ya miti, hewani kabisa, ulikuja mvumo. Mzito, wa chini, umetulia. Mmmmmm. Hapakuwa na umeme mahali popote misheni nzima, na mvumo ulikuwapo.

Clemensi akageuka kutazama darasani. "Ule ni nini?"

"Upi?"

"Huo! Huo unaovuma!"

Alfonsi alimtazama, na kwa mara ya kwanza usoni mwake pakaonekana kitu kama huruma. "Wale ni wazee," alisema. "Wamekaa nje, nyuma ya darasa, chini ya madirisha. Mzee Nikodemu ndiye aliyewaita. Yeye anatoa, wenzake wanapokea kwa kuvuma wamefumba mdomo. Slufay haisemwi peke yake, fundi. Hukuambiwa?"

Alikuwa ameambiwa. Aliambiwa kwenye benchi la kibanda chake mwenyewe, na akajibu kwamba anaelewa.

"Na gunia?" akauliza, maana mtu anayezama hushika chochote. "Gunia juu ya sanduku langu ni nani aliliweka?"

"Mimi. Paa linavuja pale juu ya meza yako. Wapishi walinicheka, wakasema namfunika mtoto wa mgeni."

Clemensi akakaa chini, kwenye dizeli. Aibu ilimkamata kama homa. Alfonsi hakumpiga, ingawa alikuwa na haki, na hakumtukana. Aliinama, akajaribu kuchota kwa mikono kile kilichobaki juu ya udongo, akaona hakichoteki, akajifuta kwenye suruali, akaondoka.

Jumapili baada ya misa Benedicta alihangaika akapata dizeli kwa mwenye shamba mmoja wa Oldeani. Mtambo ukawaka, sanduku likakaa kimya kama jiwe, wazee wakaja wakaketi mahali pao. Mzee Nikodemu akafungua mdomo. Pumzi ikatoka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka pumzi na damu kidogo kwenye leso. Sauti iliyokuwa imebaki ilikuwa ya Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa imekwisha. Benedicta akamshika baba yake bega akasema, "Basi, baba, inatosha." Akamtazama Clemensi, akageuza uso. Kesho yake mzee akasafiri, na aliporudi wiki kadhaa baadaye alikuwa mzima, ana kitambaa shingoni, na akitaka maji aligonga meza.

Clemensi hakulala vizuri majuma hayo. Mkanda ulikuwa bado kwenye mashine, hakuna aliyeugusa. Siku Benedicta alipomwomba ahamishie kwenye kaseti kile kilichopatikana, alienda kama anayeitwa mahakamani. Akavaa spika, akausikiliza peke yake.

Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza. Mistari ile michache ilikaa kwenye kimya kisicho na doa, na mapokeo ya wazee nyuma yake yalikuwa na pumzi, yana umri, ukisikia kabisa kwamba ni watu wengi, huyu ana kikohozi, yule ana meno machache. Alishangaa ilikuwaje akasikia transfoma. Kisha mlango ukabamizwa, na sauti yake mwenyewe ikapita ndani ya maombi, kali, wazi, kila neno: mnanihujumu, wote mnanihujumu hapa.

Alidhani mkanda unaishia hapo. Haukuishia. Baada ya kelele zake mzee alivuta pumzi, halafu akasema mstari mwingine, wa polepole, bila hasira. Wazee wakaanza kupokea. Katikati ya mapokeo sauti zao zikazidi kupanda, zikawa nyembamba, zikaharakisha, zikafa, kama zinavyofanya zikinaswa na mashine inayozimika. Hapo ndipo mtambo ulipozimika.

Mstari ule aliurudia, akaurudia tena. Hakuelewa neno, lakini alijua umesemwa kwa ajili yake, kwa kuwa ulikuja baada ya kelele zake. Lilikuwa neno la mwisho la mzee yule lililonaswa kwenye mkanda. Amenilaani, akawaza. Benedicta angeweza kumfasiria, lakini Benedicta ni mwalimu, ana adabu, angelifuta makali. Alihitaji mtu asiye na sababu hata moja ya kumpendeza. Alimjua mmoja tu.

Alfonsi alikuja akifuta mikono kwa tambara, akasimama mlangoni.

"Nisikilizie kitu," Clemensi akasema. "Kisha uniambie kama kilivyo. Usinihurumie."

Alfonsi akaketi, akavaa spika. Clemensi akamtazama akisikiliza, akajua hasa wakati tusi lake lilipopita, kwa sababu taya la yule bwana lilikaza. Kisha likalegea. Mkanda ukafika mwisho. Alfonsi akavua spika, akaziweka mezani kwa uangalifu.

"Umenisikia nikikutukana," Clemensi akasema. "Nimekukosea, ndugu yangu. Naomba radhi."

"Nimesikia."

"Na mzee? Amenilaani?"

Alfonsi akatikisa kichwa. "Amesema hivi: huyu anayepiga kelele nje ni mtoto wetu, mfungulieni mlango aingie."

Clemensi alimkazia macho, akautafuta uongo mahali pote alipozoea kuupata kwa watu, pembeni mwa mdomo, kwenye kope, kwenye vidole. Hakuuona.

"Halafu?"

"Halafu wazee wakaanza kupokea," Alfonsi akasema. "Ndipo ulipouzima mtambo."